Kitanda chake kiko wapi? Jibu kwa mwalimu wa Tabora kuhusu makumbusho ya Kwihara

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tabora. Mwezi uliopita niliwapeleka wanafunzi wa darasa la sita kwenye makumbusho ya Kwihara, katika tembe, yaani nyumba ya udongo yenye paa bapa, alimokaa Dkt. Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi kutoka Scotland. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, kitanda chake kiko wapi?" Mwingine akasema mbona barua zenyewe ni fotokopi. Nikakosa la kuwajibu. Je, nyumba ile ni ile ile ya zamani? Vitu vyenyewe vilikwenda wapi? Tena baada ya ziara mwanafunzi mmoja ameleta shuleni jembe la chuma ambalo kwao wanasema ni la babu wa babu yake, aliyekuwa mpagazi. Lina thamani ya kimakumbusho, au ni chuma chakavu?

JIBU: Mwalimu, nitamjibu kwanza mtoto wa kitanda, kwa sababu katika miaka yangu ya kuhifadhi na kueleza vitu vya kale nimewaona wageni wazima wengi wakipita chumba hadi chumba, wakitikisa vichwa na kusema "vizuri, vizuri", lakini ni wachache waliouliza jambo lenye makali kama hilo. Nyumba ya kulala mtu isiyo na kitanda ina walakini, na mtoto ameuona walakini huo mara moja. Kitanda nitakieleza kwa kirefu. Ila tutangulize habari ya kuta, maana bila hizo hatuna pa kukiweka.

Katika karne ya 19 eneo tunaloliita Tabora halikuwa mji mmoja. Lilikuwa vitongoji vilivyotawanyika katika nchi ya Unyanyembe, kila kimoja na mashamba na miembe yake. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Novemba 1857 waliliandika jina la Kazeh, na ndilo lililoingia kwenye ramani za Ulaya kwa muda. Kwikuru palikuwa makao ya mtemi, na neno tunalolitumia leo kwa makazi ya rais, ikulu, ni la ukoo huo huo. Kwihara, kilomita chache kusini-magharibi mwa mji wa sasa, palikuwa na matembe ya wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani waliokuwa wakikusanya pembe za ndovu na watumwa kutoka bara na kuvipeleka Bagamoyo. Kwa hiyo tembe lile halikujengwa kwa ajili ya Livingstone, wala hakulinunua. Lilikuwa chini ya mkono wa Said bin Salim, liwali wa Waarabu wa Unyanyembe, naye ndiye aliyewakaribisha humo wageni mmoja baada ya mwingine.

Mgeni wa kwanza kati ya hao tunaowajua vizuri ni Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliyefika Juni 1871 akiwa na msafara mkubwa na akitafuta njia ya kwenda Ujiji. Njia hiyo ilikuwa imefungwa na Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyegombana na wafanyabiashara wa Unyanyembe. Stanley akajiunga na Waarabu kwenda kumpiga, wakapigwa wao. Agosti ya mwaka huo huo Mirambo aliingia Tabora na kuichoma moto, wakimbizi wakamiminika Kwihara, na Stanley akalifanya tembe kuwa ngome: akatoboa matundu ya bunduki katika kuta nene za udongo, akakusanya ndani watu wapatao 150 wenye silaha, akapandisha bendera ya Marekani, akangoja. Mirambo hakuja. Mwezi uliofuata Stanley aliondoka kwa kuzunguka kusini, mbali na mikono ya Mirambo, na ndiyo safari iliyomfikisha Ujiji kwa Livingstone. Wale wawili walirudi pamoja Kwihara tarehe 18 Februari 1872. Stanley alishika njia ya pwani tarehe 14 Machi, na Livingstone akabaki katika nyumba ile hadi tarehe 25 Agosti. Mwaka uliofuata akakaribishwa humo humo Luteni Cameron, Mwingereza mwingine aliyetumwa kwenda kumsaidia Livingstone, bila kujua kwamba mtu huyo alikuwa ameshafariki.

Sasa swali lako: ni nyumba ile ile? Kwa jengo la mawe ningekujibu kwa neno moja. Kwa jengo la udongo siwezi, na ni vizuri watoto wajue kwa nini. Tembe hujengwa kwa kuta za udongo, na juu yake hulazwa magogo, kisha fito zilizobanana, kisha nyasi au majani, kisha udongo ulioshindiliwa mpaka paa linakuwa bapa kama uwanja mdogo. Jengo la namna hiyo lina maadui wawili, mvua na mchwa, na hapa Unyamwezi wote wawili hawakosi. Paa lisipokandikwa upya kabla ya masika, maji hupata njia, gogo moja huoza, udongo hudidimia, na ukuta ulio chini yake huanza kuyeyuka kutoka juu kwenda chini. Kwa hiyo tembe lolote lenye zaidi ya miaka 100 na bado limesimama, ujue limekandikwa, limebadilishwa magogo, limepigwa viraka na kujengwa tena sehemu baada ya sehemu. La Kwihara nalo limekarabatiwa, na si mara moja. Unachokiona ni mpango wa nyumba ile, mahali pa nyumba ile, na umbo la nyumba ile. Ukimwambia mtoto kwamba kila bonge la udongo analoligusa liliguswa na Livingstone, utakuwa umemdanganya. Lakini ukimwambia kwamba nyumba ni ya bandia, utakuwa umemdanganya zaidi, kwa kuwa tembe tangu zamani huishi kwa kukandikwa, na lisilokandikwa halibaki hata kuitwa gofu, hurudi kuwa kichuguu.

Naomba nikae kidogo kwenye nyumba, kwa sababu kwa maoni yangu ndiyo kitu cha kwanza katika hazina yote ya Kwihara, na wageni huipita wakikimbilia karatasi zilizotundikwa ndani. Simama nje, mbele ya mlango wa nakshi. Mlango huo ni wa pwani: ni ufundi wa maseremala wa Kiswahili, kama ile unayoiona Unguja na Bagamoyo. Kisha uinue macho utazame paa bapa na kuta za udongo. Hizo si za pwani hata kidogo. Pwani nyumba ya tajiri ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na hapa hakuna matumbawe wala pa kuyapata. Mfanyabiashara alipofika bara alijenga kwa namna ya bara, namna ya tembe ambayo watu wa nchi za kati, kuanzia Ugogo, walikuwa wakiijua kabla yake, kisha akaipachika mlango wa kwao ili anayebisha hodi ajue amefika kwa nani. Jengo lile moja linasimulia biashara yote ya njia ya kati, ile ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, bila kibao cha maelezo. Hata sheria imelitambua jambo hili: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inazitaja milango na fremu za nakshi zilizochongwa kabla ya mwaka 1940 kuwa vitu vinavyolindwa, na ndiyo sababu mtu akikushawishi umuuzie mlango wa nyumba ya zamani ya mjini, mwambie kwanza aonyeshe kibali.

Tuje kwenye karatasi. Mwanafunzi wako hakukosea, nakala ni nakala. Barua, kurasa na ramani zinazoonyeshwa Kwihara zinafuata hati ambazo ziko mbali. Sababu ya kwanza ni kwamba hati za Livingstone hazikuachwa hapa hata siku ya kwanza. Alipoagana na Stanley Machi 1872 alimkabidhi shajara yake ikiwa imefungwa kwa lakiri, ampelekee binti yake Agnes, nayo ikatoka kwa mlango ule ule wa nakshi kwenda Ulaya. Zilizobaki zilibebwa na watu wake baada ya kifo chake. Leo sehemu kubwa iko Scotland alikozaliwa, katika Maktaba ya Taifa na katika makumbusho ya Blantyre, mahali pa kuzaliwa kwake. Huko Blantyre ndiko kwenye shajara yake ya mwaka 1871, ambayo aliiandika akiwa Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo, baada ya kuishiwa karatasi na wino. Aliandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino aliojitengenezea kwa maji ya mimea. Wino huo ulififia mpaka maandishi yakawa hayasomeki tena kwa jicho, na ni katika muongo wa 2010 ndipo wataalamu walipoyafufua kwa kamera zinazopiga picha kwa miali ya mwanga ya rangi mbalimbali. Karatasi za Stanley ziko Tervuren, Ubelgiji. Kofia walizovaa wale wawili, zile ambazo sanamu za Ujiji zinawaonyesha wakizivua kusalimiana, zimehifadhiwa London na Shirika la Kifalme la Jiografia.

Sababu ya pili ni ya kiufundi, nayo inahusu hata hati ambazo zingebahatika kubaki nchini. Wino wa karne ya 19 huliwa na mwanga, karatasi huliwa na unyevu, wadudu na jasho la vidole. Katika nyumba ya udongo isiyo na kiyoyozi, inayofunguliwa mlango na kuingiza vumbi la kiangazi na ukungu wa masika, hati ya asili ingedumu miaka michache tu. Hata makumbusho tajiri ya Ulaya huweka nakala mbele ya wageni na kuzifungia hati zenyewe gizani. Kosa haliko katika kuonyesha nakala. Kosa ni kuionyesha bila kusema kwamba ni nakala, au kuitundika bila kumwambia msomaji kwa nini imetundikwa hapo na si pengine. Na katika hili, naungama, sisi tunaofanya kazi hii mara nyingi tumekuwa wavivu.

Nitakupa mfano mmoja wa karatasi ambayo, hata kwa nakala, mahali pake hasa ni Kwihara. Tarehe 1 Mei 1872 Livingstone alimaliza barua aliyowaandikia wasomaji wa New York Herald, akiomba Wamarekani wasaidie kuikomesha biashara ya watumwa ya Afrika Mashariki. Mwishoni aliwaombea baraka za Mungu watu wote, wawe Wamarekani, Waingereza au Waturuki, watakaosaidia kukiponya kile alichokiita kidonda kilicho wazi cha ulimwengu. Maneno hayo ndiyo yaliyochongwa kwenye jiwe la kaburi lake katika kanisa la Westminster, London. Waliokuja kulinganisha tarehe waligundua kwamba aliyaandika mwaka mmoja kamili kabla ya kufa, kwani alifariki tarehe 1 Mei 1873. Mamilioni ya watu wameyasoma maneno yale kwenye sakafu ya kanisa lile, na ni wachache wanaojua kwamba yaliandikwa Unyanyembe. Ongeza na hili, ambalo darasa la sita wanaweza kulibeba: aliyaandika akiwa amekaa ndani ya nyumba iliyojengwa kwa faida ya biashara hiyo hiyo, akiwa mgeni wa watu waliokuwa wakiifanya, akila kwa msaada wao na kusafiri kwa njia zao. Sisemi hivi ili kumpunguzia heshima. Nasema kwa sababu historia ya Tabora ilikuwa hivyo, watu waliochukiana kwa jambo moja walihitajiana kwa jingine.

Sasa kitanda. Stanley alipoondoka alimwachia Livingstone shehena ya mizigo ipatayo 40 kwa kipimo cha wapagazi, yaani vitu vya kuhitaji watu arobaini kuvibeba. Kulikuwa na majora ya nguo, shanga kwa mamia ya ratili, nyaya za shaba, hema lisilopenya maji, mashua ya kukunja, zana za useremala, sufuria, sanduku la dawa, vitabu, na kati ya hivyo vyote godoro la kujazwa upepo. Kwa hiyo mwambie mtoto kwamba kitanda kilikuwepo, ila kilikuwa cha kukunjwa na kufungwa mzigoni, na tarehe 25 Agosti 1872 kilitoka Kwihara begani mwa mtu pamoja na vitu vingine. Mwenye nyumba za kupanga anajua: mpangaji akihama hakuachii kitanda.

Lakini kuna kitanda cha pili, na hicho ndicho ningependa kukiona kimechongwa upya na kuwekwa katika chumba kimoja cha Kwihara. Miezi minane baadaye, katika mabwawa ya Bangweulu, nchi ambayo leo ni Zambia, Livingstone hakuweza tena kutembea wala kukaa juu ya punda. Watu wake walikata miti miwili yenye urefu wa futi saba kila mmoja, wakaiunga kwa mataruma ya futi tatu, wakatandika nyasi juu yake na blanketi, wakaining'iniza kwenye mti mrefu, wakambeba. Tarehe 22 Aprili 1873, mkono wake ukiwa umebakiwa na nguvu ya kuandika mstari mmoja tu kwa siku, aliandika kwamba amebebwa juu ya kitanda. Hakutafuta neno la Kiingereza, aliandika kitanda, kwa Kiswahili, kama alivyowasikia waliokitengeneza wakikiita. Siku chache baada ya hapo shajara ikanyamaza. Mtoto wako aliuliza kuhusu samani ya chumbani, na bila kujua akalitaja neno lililo miongoni mwa mistari ya mwisho kabisa ya mtu yule.

Waliokitengeneza kitanda hicho ndio wanaokosekana ukutani Kwihara, na hapa ndipo ninapotofautiana na namna makumbusho yalivyopangwa tangu siku za wakoloni. Kundi la watu 57 waliotumwa na Stanley kutoka pwani lilifika Kwihara tarehe 14 Agosti 1872 baada ya safari ndefu, likaondoka na Livingstone siku kumi na moja baadaye. Wengi walikuwa waungwana wa pwani, watu huru au waliowahi kuwa watumwa. Miongoni mwao alikuwemo Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa India. Susi na Chuma walikuwa na Livingstone tangu miaka ya nyuma. Palikuwa na wanawake pia, akiwemo Halima, mpishi, ambaye Stanley alimkuta Ujiji amehamanika jikoni kwa kumpata mgeni wa kizungu asiyemtarajia.

Livingstone alipokufa katika kijiji cha Chitambo, watu hawa waliamua wenyewe, bila kuamriwa na mtu, kuupeleka mwili pwani. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja, aliupasua. Moyo na matumbo vikazikwa chini ya mti wa mpundu, Wainwright akasoma maneno ya maziko na kuchonga jina kwenye mti. Mwili ulitiwa chumvi, ukaanikwa juani siku kumi na nne, ukafungwa kwa nguo, kwa gome la mti na kwa turubai. Kisha wakaubeba. Tarehe 20 Oktoba 1873 Chuma alitangulia kuingia Kwihara na barua, akamkuta Cameron, mgonjwa wa homa, katika tembe lile lile. Cameron akawashauri wauzike mwili hapa hapa Unyanyembe, wakakataa. Laiti wangekubali, Mwalimu, Tabora ingekuwa na kaburi na Westminster isingekuwa nalo, na ziara yako ingekuwa ya namna nyingine kabisa.

Kuna tukio moja ambalo watoto hawalisahau wakisimuliwa. Njiani kutoka Tabora kuelekea pwani, mahali paitwapo Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipitishwe katika nchi yao. Wale watu wakakusanya mabua ya mtama, wakayafunga katika nguo kama maiti, wakawapa wenzao sita waurudishe mzigo huo Unyanyembe mchana kweupe ili kila mtu aone maiti inarudishwa kuzikwa. Wale sita walipofika porini, usiku, wakayatupa mabua moja moja vichakani wasiache dalili, wakarudi kwa njia nyingine. Mwili wenyewe wakati huo ulikuwa umefungwa upya kwa umbo la mtumba wa nguo wa kawaida, ukaingia katika safu ya mizigo na kusonga mbele. Walifika Bagamoyo Februari 1874. Jiwe la Westminster linasema mwili ule uliletwa na mikono miaminifu kwa nchi kavu na bahari. Majina ya wenye mikono hayakuandikwa juu ya jiwe. Shirika la Kifalme la Jiografia liliwatengenezea nishani za fedha, kama sitini hivi, na Wainwright alialikwa akashika kitambaa cha jeneza siku ya maziko, tarehe 18 Aprili 1874. Mwenyewe alifia Urambo mwaka 1892, si mbali na hapo mnapofundisha.

Hao ni wa msafara mmoja. Nyuma yao wako maelfu ya wapagazi wa Kinyamwezi waliokwenda pwani na kurudi, kilomita 800 hivi kila upande, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 au zaidi pamoja na kijungu na mkeka wake, wakifuata kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, mbele na kulipwa kwa nguo. Kwa kijana wa Unyamwezi kwenda pwani kulikuwa sehemu ya kuwa mwanaume. Kiswahili tunachokizungumza kimejaa mabaki yao: posho, iliyokuwa chakula cha njiani cha mpagazi, merikani, nguo nyeupe kutoka viwanda vya Marekani, na hongo, iliyokuwa ada halali ya mtemi kwa msafara kupita katika nchi yake, kabla neno halijaharibika na kuingia ofisini. Wanyamwezi hawakuwa watumwa tu wala mashujaa tu. Wengine waliuzwa, wengine walibeba kwa ujira, na wengine, hasa watemi na matajiri, walimiliki watumwa mashambani. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hiyo ya kati ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha yake ya awali, ya maeneo inayoyapendekeza kwa UNESCO kuwa Urithi wa Dunia, na Kwihara ni mojawapo ya vituo sita vilivyotajwa, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji. Maana yake, kimaandishi, tumekwishakubali kwamba Kwihara ni zaidi ya nyumba ya Mzungu mmoja. Kinachokosekana ni vitu vya kuthibitisha hivyo.

Ndipo ninapofika kwenye jembe, na utaona kwa nini nimelibakiza.

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912 na kumwaga majembe ya viwandani, chuma kilifuliwa huku huku, na jembe lilikuwa zana ya shamba na fedha kwa pamoja: liliuzwa sokoni, lilitolewa mahari, lilipelekwa safarini kununulia chakula. Kwa hiyo ndiyo, linaweza kuwa na thamani kubwa, lakini kwanza hakikisha ni la aina gani. Ligeuze uangalie linavyoshika mpini. Jembe la mhunzi wa zamani lina mkia, ulimi mwembamba wa chuma unaochomekwa ndani ya kichwa kinene cha mpini wa mti. La kiwandani kwa kawaida lina tundu la duara ambamo mpini hupita, na mara nyingine chapa ya kiwanda imegongwa karibu na tundu hilo. Kisha tazama uso wake kwenye mwanga wa pembeni, asubuhi au jioni. Bapa lililofuliwa kwa nyundo halina unene mmoja. Utaona mabonde madogo madogo ya mapigo, na katikati huwa nene kuliko kingo. Likiwa limelika upande mmoja zaidi ya mwingine, usisikitike, hiyo ni alama ya mkono wa aliyelima nalo, na wenye ujuzi wanaweza kukwambia kama alitumia mkono wa kulia au wa kushoto.

Usilisugue kwa msasa. Ninarudia kwa sababu nimeona vitu vizuri vikiharibiwa na watu wenye nia njema: usilisugue, usilipake rangi wala mafuta ya kupikia, usilioshe kwa maji na sabuni. Futa vumbi kwa brashi laini iliyo kavu, lifunge kwa kitambaa safi cha pamba, liweke juu ya rafu, si sakafuni, mahali ambapo mvua za masika hazifiki. Lipige picha pande zote mbili likiwa limelazwa kando ya rula ya darasani.

Jambo kubwa kuliko chuma chenyewe ni maneno yanayoambatana nacho. Jembe lisilo na habari ni chuma. Nenda nyumbani kwa mtoto huyo, au umtume na daftari, akamwulize mzee aliye mkubwa kuliko wote pale: lilitoka kwa nani, aliyekuwa nalo alizaliwa kijiji gani, inasemekana alibeba mzigo gani na kwa msafara wa nani, nani alimsimulia yeye, na mwaka gani au wakati wa tukio gani. Aandike kwa maneno ya mzee, kwa Kinyamwezi kama ndivyo yalivyosemwa, bila kuyanyoosha. Pasipojulikana aache wazi, asijaze kwa kubahatisha ili hadithi ipendeze. Na kama mzee akisema hapana, babu hakuwa mpagazi bali alikuwa mkulima tu, liandikwe hilo hilo.

Jembe ni mali ya familia hiyo, na libaki kwao isipokuwa wao wenyewe wakipenda kulitoa. Wakipenda, wasilimpe mtu anayepita njia akidai ni mkusanyaji, na wala lisiuzwe wala kutolewa nje ya nchi bila kibali cha mamlaka ya mambo ya kale. Wampelekee mhifadhi wa Kwihara, wadai hati ya mapokezi yenye tarehe, maelezo ya kitu na jina la aliyekitoa, wabaki na nakala. Wasipopenda, shule inaweza kuomba kuliazima kwa siku chache na kulionyesha darasani pamoja na ukurasa wa daftari la mtoto. Juu ya ukurasa huo aandike kwa herufi kubwa jina la babu wa babu yake, halafu chini yake, kwa herufi ndogo, kwamba habari hii alipewa na nani, lini na wapi.